Kwale wa Nyandarua na Maji ya Mifereji Yetu

Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa mazingira katika kikao cha wakazi mjini Thika na kurudiwa Ruiru. Tumeyachapisha karibu kama yalivyosemwa, kwa sababu wengi waliokosa nafasi ya kuhudhuria wameyaomba.

 

Tangazo la kikao hiki lilipobandikwa, mzee mmoja alinipigia simu. Akaniuliza, "Kijana, ni kweli mnataka kutuita tuache shughuli zetu tuje kusikiliza habari za ngware?" Nikamjibu, ndiyo, guka, ni kweli. Akacheka sana. Kisha akasema atakuja, na namwona ameketi pale mbele. Asante, guka.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Nikisema kwale hapa Kiambu, nusu ya watu wanakumbuka mwaka wa 2013 na 2014, tulipoambiwa mayai ya kware yanatibu kila ugonjwa. Watu walijenga vibanda, wakachukua mikopo, wakanunua vifaranga kwa bei ya kushangaza, na baada ya miezi michache soko likaanguka. Wengine hapa bado wana vile vibanda nyuma ya nyumba, vinatunza kuni. Sizungumzii ndege huyo. Yule ni tombo, ndege mdogo wa kufugwa. Ninayemzungumzia leo hafugwi, hauzwi, na ukitaka kumwona itakubidi uondoke Thika alfajiri ukiwa na sweta mbili.

Wataalamu wanamwita kwale wa Jackson. Jackson huyo alikuwa Mwingereza, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyependa sana ndege, na baadaye akawa gavana wa Uganda. Jina la kitaalamu alipewa mwaka wa 1891. Bila shaka babu zetu walimjua kabla ya hapo, lakini hakuna aliyewauliza. Ni ndege mkubwa, karibu sawa na kuku wa kienyeji, miongoni mwa kwale wakubwa zaidi nchini Kenya. Mdomo wake ni mwekundu, miguu ni myekundu, koo jeupe, mgongo wa rangi ya udongo, na kifua na tumbo vimejaa manyoya ya rangi ya kahawa iliyokaangwa, kila unyoya una ukingo mweupe. Ukimwona mara moja hutamsahau.

Anaishi milimani tu. Kuanzia kimo cha takriban mita 2,200 kwenda juu, mpaka karibu na mita 3,700, pale ambapo msitu umekwisha na unabaki na nyasi ndefu na vichaka vya baridi. Yuko Nyandarua, ambayo ramani inaiita Aberdare. Yuko Mlima Kenya, Mau, milima ya Cherangani, na Mlima Elgon ambako wachache wako upande wa Uganda. Orodha imekwisha hapo. Hakuna nchi nyingine duniani ambako utampata. Ndiyo sababu nikisema ni ndege wetu, sisemi kwa majivuno. Tukimpoteza sisi, hakuna jirani wa kutuazima mwingine.

Sasa, sitawadanganya. Kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwale huyu hayumo katika daraja la hatari. Bado wako wengi kiasi. Nimewahi kumsikia mtu akiwaambia wanafunzi kwamba amebaki mmoja mmoja. Hiyo si kweli, na mtu akidanganya kwa nia njema siku moja hataaminiwa hata akisema kweli. Nitawaambia kwa nini nimeamua kuzungumza juu yake hata hivyo, lakini kwanza acheni niwaeleze anavyoishi, maana hapo ndipo shida zake zote zinapoanzia.

Kwale ni ndege wa chini. Ana mabawa, na akishtuliwa sana ataruka kwa kelele hatua chache kisha atue tena, lakini maisha yake yote ni ya miguu. Anatembea, anachakura, anakimbia. Chakula chake kiko ardhini: mbegu, mizizi laini, majani ya nyasi, matunda yaliyoanguka, wadudu walio chini ya majani makavu. Anataga chini pia, kwenye kishimo kidogo kilichotandikwa nyasi, chini ya kichaka. Asubuhi na mapema, na jioni jua likianza kuzama, hutoka kwenye mianzi na kusimama kando ya njia akila, akiwa tayari kurudi mafichoni kwa hatua tatu. Wakati huo ndipo hupiga kelele. Wimbo wake si mzuri, niwe mkweli. Ni sauti ya kukwaruza, kama mtu anayejaribu kuwasha jenereta ya zamani.

Kwa hivyo mahitaji yake ni mawili. Anahitaji sakafu ya msitu yenye kitu: majani yaliyooza, wadudu, mimea midogo. Na anahitaji kichaka cha karibu cha kujificha, kwa sababu mwewe yuko juu, na paka mwitu na nguchiro wako chini. Ukimwondolea kimojawapo kati ya hivyo, hana maisha hapo. Msitu wa asili wenye muthaiti, muthengera na mutarakwa, na juu yake mianzi, unampa vyote viwili. Shamba la misonobari lililopandwa kwa mistari halimpi. Mmeingia ndani ya shamba la aina hiyo? Chini kunakuwa safi kama ukumbi wa shule siku ya mtihani. Hakuna kichaka, na wadudu ni wachache. Miti ipo, na ukipiga picha kutoka angani utasema msitu upo. Lakini kwa ndege anayeishi sakafuni, hiyo ni nyumba yenye paa isiyo na sakafu.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi, hata baadhi yetu ofisini, wanahesabu msitu kwa miti. Tunapanda mikaratusi elfu moja, tunapiga picha tukiwa tumevaa fulana za kampeni, tunasema tumerudisha msitu. Mkaratusi una kazi yake. Nguzo za stima tunazihitaji, mbao tunazihitaji, na afadhali mtu akate mkaratusi aliopanda mwenyewe kuliko aende kukata muthaiti wa miaka mia mbili. Lakini tusiite shamba la mikaratusi msitu.

Nitawapa mfano kutoka Taita, kwa sababu pale jambo hili limefika mwisho wake. Vilima vya Taita vina ndege anayeitwa mkesha wa Taita kwa baadhi ya vitabu na kurumbiza wa Taita kwa wengine. Tusigombane juu ya jina. Ni ndege mweusi kichwani, mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, na yeye pia hutafuta chakula chini kwenye majani makavu ya msitu wa mlimani. Hapatikani popote pengine duniani. Zamani msitu wa Taita ulikuwa mmoja, umefunika vilele vyote. Ulikatwa kidogo kidogo kwa mashamba, ukabaki vipande: Mbololo, Ngangao, Chawia, na vingine vidogo zaidi. Kati ya vipande hivyo kuna mashamba ya mahindi, nyumba, na misonobari na mikaratusi iliyopandwa. Ndege huyu havuki. Kwa macho ya mtu ni umbali wa kutembea asubuhi moja, lakini yeye hapiti mahali pasipo na kivuli na majani makavu. Kwa hivyo walioko Chawia wamebaki Chawia, kipande kisichofikia hata ukubwa wa shamba moja la kahawa la hapa Ruiru, na ni wachache mno. Watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao kutoka Ubelgiji wamewafuatilia kwa miaka mingi. Leo ni miongoni mwa ndege walio hatarini zaidi katika nchi hii.

Mnaona alipoanzia? Hakuna mtu wa Taita aliyeamka akasema leo nitammaliza ndege huyu. Kila mtu alikata kipande chake kwa sababu yake, na sababu nyingi zilikuwa nzuri.

Kuna kisa kingine cha Tanzania ninachokipenda sana. Mwaka wa 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika msitu wa milima ya Udzungwa. Jioni moja wakaona kwenye sufuria ya mchuzi miguu ya ndege ambayo hawakuitambua.  Wakaanza kuuliza na kutafuta, na ikaja kujulikana kwamba ni kwale wa msituni ambaye sayansi haikuwahi kumwandika. Mwaka wa 1994 akapewa jina lake la kitaalamu. Ajabu ni kwamba ndugu zake wa karibu hawako Afrika. Wako katika milima ya Asia. Yaani ndege huyu ni salio la nyakati za kale sana, wakati misitu ya huku na ya kule ilikuwa na uhusiano. Amekaa Udzungwa mamilioni ya miaka, na tulimkuta kwenye sufuria. Naye yuko katika daraja la walio hatarini, na mojawapo ya sababu ni mitego.

Hapo kwenye mitego lazima niseme la kwangu. Nimezaliwa Gatundu Kaskazini, karibu na ukingo wa msitu wa Kieni. Nikiwa na umri wa miaka kumi nilikuwa mtegaji hodari. Ulikuwa unachukua waya wa breki ya baiskeli, unaufumua, unatengeneza kitanzi, unakifunga kwenye kijiti kilichopindwa, unakiweka kwenye njia ya ngware. Njia yao unaijua, kwa sababu wanapita palepale kila siku. Ukiweka jioni, asubuhi unaenda kuangalia. Sikujua walikuwa ngware wa aina gani. Kwetu wote walikuwa ngware, na wote walikuwa nyama. Cucu yangu alikuwa anawapika kwa viazi na alikuwa ananisifu. Sijaja hapa kumlaani cucu wala kumlaani mtoto yule. Nyumbani nyama ilikuwa Krismasi.

Lakini nakumbuka jambo moja. Mwaka wa kwanza nilikuwa napata kwenye vitanzi vitano wawili. Mwaka wa tatu nilikuwa naweka vitanzi ishirini, na nilikuwa narudi nyumbani mikono mitupu, nikisema ngware wamekuwa wajanja. Hawakuwa wajanja. Nilikuwa nimewamaliza pale, mimi na wavulana wengine watano sita. Na wapya hawakuja haraka kujaza nafasi, kwa sababu kwale haji kwa kuruka kutoka mbali. Anakuja kwa miguu, na katikati kulikuwa na mashamba ya viazi.

Leo mtego haumlengi hata kwale mwenyewe. Wengi wanategea paa au sungura, na kitanzi hakichagui. Mwenye kutega akisahau alikoweka, kitanzi kinabaki pale miezi. Walinzi wa KWS na wa Huduma ya Misitu wakipita hukusanya waya kwa mafungu. Na mjue kwamba Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haisemi "isipokuwa kama una njaa". Kuwinda kwa ajili ya nyama ya nyumbani ni kosa, sawa na kuwinda kwa ajili ya kuuza. Nawaambia kama afisa, ili mtu asije akasema hakuambiwa. Na kwa wale wanaouziwa pembeni mwa barabara kuelekea juu, kwamba hii ni kanga ya kufugwa, iangalieni miguu. Ikiwa ni myekundu, mwenye kuuza anawadanganya na nyinyi mnaingia kwenye kosa lake.

Sasa tuje kwa yule mama aliyeniuliza sokoni Jamhuri. Aliniambia, "Mwanangu, ndege wako yuko Nyandarua, mimi niko Thika, nauza nyanya. Tunahusiana wapi?" Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa.

Mama, mnahusiana kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji. Mto Chania na mto Thika, ambayo inakutana hapa chini ya maporomoko yetu, yote inatoka Nyandarua. Bwawa la Ndakaini, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, linajazwa na mito ya huko huko, na sehemu kubwa ya maji yake yanakwenda Nairobi. Ruiru nanyi mna bwawa lenu la zamani kwenye mto wa Ruiru, na sasa maji ya Karimenu kutoka Gatundu Kaskazini yanawafikia ninyi na watu wa Juja. Ukifungua mfereji Ruiru ukaona maji, asili yake ni mvua iliyonyesha juu ya mianzi, ikadondoka kwenye majani makavu, ikazama taratibu, ikatoka chini kama chemchemi. Ile sakafu chafu yenye majani yaliyooza, anayoitafuta kwale, ndiyo sifongo inayoshika maji yetu. Pale sakafu inapokuwa tupu, mvua haizami. Inateremka kwa siku mbili ikiwa nyekundu, inaleta matope kwenye mitambo ya kusafisha maji, halafu mwezi wa pili mnapanga mitungi.

Ndiyo maana nimemchagua ndege asiye katika orodha ya hatari. Sisi hatuwezi kupanda Nyandarua kila wiki kupima sakafu ya msitu. Kwale anaipima. Mahali ambapo bado unamsikia akikwaruza asubuhi, jua kwamba chini kuko sawa. Mahali ambapo wazee wanasema alikuwepo na sasa hayupo, hapo pana la kuuliza, hata kama miti bado imesimama.

Njia ya pili tunayohusiana, mama, ni soko. Sisi wa Thika na Ruiru ndio tunaonunua. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni mbili na laki nne Kiambu, na wengi wao wako huku chini, katika miji hii inayokua kila siku. Tunanunua makaa, tunanunua fito za kujengea, tunanunua mbao, tunanunua viazi. Mwaka wa 2002 wataalamu waliruka kwa ndege juu ya Nyandarua wakihesabu uharibifu, na waliyoyaona yalitisha: maelfu ya matanuri ya makaa ndani ya msitu wa asili, muthaiti uliokatwa, hata bangi iliyolimwa katikati. Makaa yale hayakuchomwa ili yaliwe na tembo. Yalikuja mijini.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika kwa kiasi, na ni haki kusema. Uzio wa umeme ulioanza kujengwa mwaka 1989 na shirika la Rhino Ark pamoja na serikali na wakazi ulikamilika mwaka 2009, karibu kilomita 400 kuzunguka Nyandarua. Wakulima wa kule juu watawaambia jinsi walivyolala usingizi wa kwanza bila kusikia tembo shambani. Uzio huo umesaidia msitu. Lakini uzio haumzuii mtu mwenye kitanzi mfukoni, wala mtu mwenye mbwa wanne anayesema anaenda kutafuta kuni.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inawapa wakazi wa kando ya msitu nafasi ya kuunda vyama vya jamii na kusimamia msitu pamoja na Huduma ya Misitu. Kule Lari kuna kikundi cha KENVO kilichoanza miaka ya 1990 na vijana wa kujitolea kutoka Kijabe, ambao waliamua msitu wa bonde lao hautaisha wakitazama. Wamepanda miti ya kienyeji, wamefundisha watu kufuga nyuki na samaki ili wasitegemee makaa. Mnaosema vijana hawawezi kitu, nendeni mkaulize kule.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yote ya umma. Julai 2023 marufuku hiyo ikaondolewa. Nimesikia watu wakisema sasa ni ruhusa kukata. Hapana. Kilichoruhusiwa ni miti ya kupandwa iliyokomaa katika mashamba ya serikali. Msitu wa asili haumo. Ukiona lori la magogo ya muthaiti au mutarakwa linashuka usiku kupitia barabara zetu, halina kibali cha namna hiyo, hata dereva akionyesha karatasi yenye mihuri mitatu.

Na moto. Wengi mnakumbuka Februari 2022, nyanda za juu za Nyandarua ziliwaka kwa siku kadhaa, moshi ukionekana kutoka mbali. Miezi ya kiangazi, Januari hadi Machi, zile nyasi ndefu na vichaka vya juu huwa vikavu kama karatasi. Tembo atakimbia, ndege wa juu ataruka. Kwale atakimbia na kujificha kwenye kichaka, kama alivyofunzwa na maumbile, na kichaka ndicho kinachoungua. Mayai na vifaranga hawana pa kwenda. Moto mwingi wa aina hii huanzishwa na mtu: mrina asali aliyeacha mwenge, mchunga aliyetaka nyasi mpya, mtu aliyekaanga mahindi.

Hapa nina neno na vijana, hasa wa Ruiru, ambao Jumamosi mnapanda Elephant Hill kupitia Njabini. Nafurahi mnapanda, afadhali huko kuliko baa. Lakini juzi nilipanda nanyi, na kikundi kilichokuwa mbele yetu kilibeba spika kubwa ya muziki mgongoni kama mtoto. Siku hiyo hatukusikia ndege hata mmoja. Tulipofika mapumziko tukakuta maganda ya mayai, chupa na mifuko ya chipsi. Mkiacha mabaki ya chakula, mnawaita kunguru na nguchiro wakae kando ya njia, na hao ndio wanaokula mayai ya ndege anayetaga chini. Fuateni njia moja, msikate vichochoro kwenye nyasi. Takataka mliyopanda nayo mshuke nayo.

Mtaniuliza, na kaunti inafanya nini? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imetupa sisi wa kaunti kazi ya kutekeleza sera za hifadhi ya udongo na maji na za misitu. Msitu wa kitaifa si wetu kuusimamia, uko chini ya Huduma ya Misitu, na mbuga iko chini ya KWS. Hilo lisiwe kisingizio. Kingo za mito ni kazi yetu. Mashamba ya watu ni kazi yetu. Mtu akilima mpaka kwenye ukingo wa mto Ruiru, au mwenye ploti akimwaga kifusi mtoni, huyo ni wetu, msimpeleke Nairobi. Niliwahi kufika mahali fulani, sitapataja, nikakuta mkandarasi amegeuza kijito kuwa barabara ya malori. Aliniambia, "Afisa, hapa hakuna mto, ni mtaro tu." Alikuwa amekuja kiangazi.

Naona mkono pale. Uliza, mama... Anauliza kama kwale anaweza kurudi huku chini. Yule wa Jackson, hapana. Huku kuna joto, hakuwahi kuishi Thika. Lakini huku tulikuwa na kwale wetu wa chini, wa jamii nyingine, kwenye mashamba ya kahawa na vichaka vya kando ya mto. Guka pale anatikisa kichwa, anawakumbuka. Kahawa ikang'olewa, ploti zikagawanywa, kando za mito zikafyekwa. Hao bado wapo kidogo, na kwao tunaweza kufanya jambo bila kuomba ruhusa ya mtu: acha ukanda wa vichaka kando ya mto, usiufyeke uwe safi kama uwanja wa mpira, na ufunge mbwa usiku. Ukipanda miti kwenye ukingo, weka miti ya kienyeji. Mkaratusi ukae mbali na maji.

Swali lingine, kijana wa bodaboda. Anasema makaa anayobeba hajui yanatoka wapi. Nakubali, na si yote yanatoka Nyandarua. Mengi yanatoka upande wa Ukambani na kwingineko. Lakini wewe unapelekwa na mteja mahali pa kuchukua gunia. Ukipelekwa ukingoni mwa msitu saa tisa usiku, hapo unajua. Faida yako ni mia chache, na wakikukamata pikipiki inalala kituoni, si yake. Piga simu kituo cha misitu cha karibu, au mwambie chifu, au njoo ofisini kwetu. Si lazima utoe jina.

Namalizia na tangazo, maana muda umetubana. Wenye kutaka kwenda kumwona kwale huyu waandikishe majina pale mezani kabla ya kuondoka. Tutapitia Njabini mpaka lango la Mutubio, na tutaondoka Thika saa tisa za alfajiri, kwa sababu jua likishapanda anarudi kwenye mianzi na hamtamwona. Kiingilio cha mbuga kinalipwa kwa eCitizen, kwa hivyo kila mtu awe na kitambulisho na simu yenye chaji. Watoto wa shule wanakaribishwa na mzazi mmoja. Vaeni viatu vya kushika, sweta nzito na koti la mvua, hata kama Thika kuna jua. Mbwa abaki nyumbani. Na guka, nimekuwekea kiti cha mbele kwenye basi, kwa sababu sauti yake ya kwanza nataka uisikie wewe, utuambie kama ndiye yule mliyemjua.